Kanda ya Harusi Yangu Ina Sauti ya Baba wa Jirani

Admin, ficha jina langu na ubadilishe ya wengine. Isiolo unaweza kuiacha, sisi watu wa hapa ni wengi. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, mjane, nina watoto wanne na wajukuu wanaonisifu eti bibi yao hajui kudanganya. Nikisikia hivyo natafuta kazi jikoni.

Miaka ya themanini mwanzoni, kabla sijaolewa, nilikuwa nasimamia duka la kaka yangu mjini. Tuliuza betri, redio na kanda, na tulikuwa na mashine ya kunakili kanda moja kwenda nyingine. Siku hizo wengi hawakuandika barua. Mtu alikuja dukani, akakaa mbele ya mashine, akaongea, na kanda ikabebwa na msafiri mpaka Saudia.

Mzee mmoja, nimwite Guyo, alikaa siku mbili juu ya lori kutoka Sericho ili amrekodie mwanawe Jattani. Huyo Jattani aliondoka nyumbani vibaya. Alimuuza ngamia wa maziwa wa mama yake bila kuuliza mtu, akapata nauli ya kwenda kutafuta kazi huko. Baadaye aliomba msamaha kupitia kila msafiri, na hakuna jibu lililorudi.

Nilimwekea mzee kanda ya dakika tisini, ya mwisho dukani, na aliijaza karibu yote. Kama unawajua wazee wetu, unajua alianza na salamu. Alisalimia kwa niaba ya mama, ya shangazi, ya majirani, akataja mvua, akataja kisima kilichokauka, akawataja ngamia mmoja mmoja, nani amezaa na nani amekufa. Mimi nilikuwa napangusa vumbi huku napiga miayo, na kabla hajafika nusu nilitoka nje kupiga soga. Mzee wa kwetu hatangulizi neno lenyewe, huliweka mwisho. Hilo nalijua tangu utotoni, na ndilo linaloniumiza, maana siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Alipomaliza aliniambia, "Binti yangu, hii ifike kwa yule mtu anaenda Hija wiki ijayo." Akarudi Sericho.

Wiki hiyo ilikuwa ya harusi yangu. Nilitaka nyimbo za akina mama zirekodiwe zote, na kanda ya tisini haikupatikana Isiolo nzima. Tulibaki na za sitini tu. Nikajiambia, huyu mzee amesalimia tu, na salamu za dakika sitini zinamtosha mtu yeyote. Nikanakili maneno yake kwenye kanda ya sitini mpaka ikafika mwisho na kukatika yenyewe, nikaitia ndani ya kasha la tisini, nikampa msafiri. Ile ya tisini nikaenda nayo harusini, nyimbo zikarekodiwa juu ya sauti ya mzee.

Mzee Guyo alifariki kabla ya mwaka kuisha. Jattani hakuja kumzika.

Mwaka wa tatu wa ndoa nilikuwa nasikiliza nyimbo zangu, nikasahau kuzima. Vigelegele vikakatika, halafu mzee akaanza kuongea. Nyimbo hazikuwa zimejaza kanda. "Ngamia alikuwa wetu na wewe ni wetu," alisema. "Mama yako amesamehe, mimi pia nimesamehe, Mungu ni shahidi. Sasa rudi nyumbani nikuone." Nilizima, nikaifunga kanda kwa leso, nikaizika chini ya sanduku. Ningeweza kutafuta msafiri siku hiyo hiyo. Niliona aibu, nikajiambia mzee ameshakufa, itasaidia nini.

Jattani alirudi miaka kumi iliyopita, kichwa kizima mvi, akajenga mtaani kwetu Kiwanjani, mlango wa tatu kutoka kwangu. Ni jirani mwema kupita kiasi. Nikiugua ananiletea maziwa ya ngamia, na mimi nayanywa.

Mwezi uliopita alikuja na ile kanda ya sitini. Binti yangu Halima ana kibanda cha kompyuta mjini, watu humpelekea kanda za zamani azitie kwa CD.

"Salaam aleikum, Mama Halima," akasema. "Nataka watoto wangu wasikie sauti ya babu yao. Mwambie Halima asikate kitu."

"Aleikum salaam. Kwani iko nzima?" nikauliza, kama sijui.

"Inakatika mwisho. Mzee anasema, sasa ile maneno ya ngamia, halafu basi. Miaka yote najua alizima mashine mwenyewe juu ya hasira. Ningekuja kumzika na uso gani?"

Nilimpikia chai.

Kesho yake nilimpelekea Halima kanda zote mbili, nikamwambia ukweli. Hakunisema, na afadhali angenisema. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mama, maneno kidogo ya katikati yamepotea chini ya nyimbo, lakini msamaha uko. Naweza kuunganisha. Tutamwambia ni kompyuta imerekebisha, hatajua." Kisha akaongeza, "Shida ni moja. CD inabeba dakika themanini na hii imepita. Nikate zile salamu za mwanzo?"

Nikamwambia atumie CD mbili, asiguse hata jina la ngamia mmoja.

CD hizo ziko kabatini mwangu wiki ya tatu sasa. Jattani akipita ananiuliza, "Bado?" nami nasema mashine ya Halima imeharibika. Nikimpa na kunyamaza, atasikia amesamehewa, kisha ataniombea dua mimi niliyemnyima maneno hayo. Nikimweleza, atajua baba yake alikufa akimngoja bure kwa sababu ya nyimbo zangu.

Na kuna jambo moja. Ile CD ya pili inaanza na vigelegele vya harusi yangu, viwili hivi, kabla ya sauti ya mzee. Halima anasema kuvifuta ni kazi ya dakika moja, anangoja neno langu.

Nishaurini ndugu zangu. Avifute, au aviache?