Kochi la Elisée Lisilokaliwa

Elisée ni mlinzi wa geti kwenye nyumba za matajiri kule Midrand, Afrika Kusini, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kawaida tu, hana makuu. Balaa lilianza pale mzungu mmoja aliyekuwa anahama alipompa kochi kuukuu la miguu myembamba. "Usilitupe," alimwambia. "Ni kazi ya Holger Brask wa Denmark. Siku hizi watu wanayasaka makochi yake."

Elisée akavimba kichwa. Akalibeba kochi hadi kwake Rosettenville, na toka siku hiyo Brask akawa kama mjomba wake. Kanisani Brask, kwa kinyozi Brask, kwenye duka la spaza Brask: jinsi alivyokunja mbao kwa mvuke, jinsi alivyochukia mbwembwe. Kwamba marehemu Brask alilibuni ili mfanyakazi mwenye chumba kidogo apate pa kupumzishia mgongo, hilo Elisée alilisoma pia, akalimeza kimya. Kochi likavikwa nailoni. Mkewe Agnès, anayeshinda amesimama akisuka watu nywele, alirudi kila jioni na miguu imevimba, akaketi juu ya kreti ya soda.

Jumamosi moja wakaja wakwe. Gaël alitaka kumwoa Benita, binti yao wa pekee, na Benita alimpenda kijana huyo hadi usingizi ukamkimbia. Sasa, kwao Kongo mkwe hupewa kiti bora cha nyumba. Asiyekuwa nacho huazima kwa jirani. Kwa hiyo mzee Placide, mjomba wa Gaël, aliingia na suti yake, akaelekea moja kwa moja kwenye kochi.

"Apana, papa!" Elisée akaruka mbele yake. "Ile si ya kukalia, ni ya kuangalia. Mukae kwa hizi za plastiki."

Mzee akalitazama kochi, akamtazama na mwenye kochi. "Kiti iko, lakini si ya siye. Basi, jibu yenu tumeisikia."

Akatoka, na ukoo mzima nyuma yake. Gaël alitoka wa mwisho, ameinamisha kichwa. Posa ikaondoka nao.

"Mwambie huyo Brask yako aje kunioa, papa!" Benita alipiga kelele, machozi yakimtiririka.

Elisée akageuka kutafuta wa kumtetea. Agnès alikuwa ameshaichana nailoni, amekunja miguu juu ya kochi, anakula kwa mkono sombe, kisamvu kilichopikiwa wageni.

"Kuja ukae, mwanangu," akasema, akimsogezea Benita sahani. Hakumtazama mumewe kabisa.