Glasi Aliyoikataa Lum

Arvilla Mobley alikuwa fundi cherehani, jirani yangu ua kwa ua, na sijapata kumwona adui wa pombe kama yeye katika Georgia yote. Wiski ilimuua mumewe. Alimfukuza nyumbani mdogo wake wa pekee, Lum, kwa sababu hiyo hiyo, akamwambia asirudi mpaka amalize mwaka mzima bila kugusa tone. Mwaka ule wa 1885, wilaya yetu ilipokaribia kupiga kura ya kufunga vilabu vya pombe, yeye ndiye aliyewaongoza akina mama waliokula kiapo cha kutokunywa. Mimi sikula kiapo. Mikutanoni nilifuata keki yake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mama yule alikuwa na nguvu za ajabu. Alishona kutwa, akaimba kanisani, akazunguka nyumba hadi nyumba kuhubiri habari za kura, na bado alikuwa na pumzi za kunigombeza mimi. Siri yake haikuwa siri. Ilikaa kabatini, chupa ya kahawia ya dawa ya koka kutoka duka la Bwana Sizemore. Mtindo wa kuinywa ulianzia Paris, wakubwa wa huko wakausifu, na sasa hata wachungaji na walimu wetu walipata kidogo kabla ya kusimama mbele za watu. Chupa iliandikwa kwamba hutuliza neva, husafisha koo na kurudisha nguvu. Sizemore alimweleza Arvilla kuwa ni majani ya milima ya Peru, yaliyolowekwa katika "maji ya zabibu yaliyokomaa". Arvilla akaridhika. Glasi moja baada ya kila mlo, na nyingine siku za mikutano.

Lum alirudi wiki ya kura. Alikuwa amekonda, amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Mwaka ulikuwa umetimia. Arvilla alimkumbatia mlangoni akalia waziwazi, nami nikalia, ingawa sipendi kulia mbele za watu. Chumba chake cha zamani kilikuwa kimeshatandikwa. Kilichobaki ni Lum kukaa humo na kubaki bila kulewa tena.

Alasiri hiyo akina mama walijaa sebuleni. Arvilla akamkalisha mdogo wake katikati yetu.

"Mtazameni," alisema. "Si niliwaambia mtu anaweza kuacha? Ila umekwisha, mdogo wangu. Ngozi na mifupa. Ngoja nikupe dawa yangu."

Alimmiminia glasi tele. Lum aliipokea, akaisogeza mdomoni, ikaishia hapo. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Niliona pua yake ikicheza, vidole vikiibana glasi mpaka vikawa vyeupe.

"Kunywa basi," Arvilla alisema.

"Baadaye, dada. Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na keki hujaigusa? Ni dawa, Lum. Haiumi."

"Naomba maji tu."

Bi. Quillian, mke wa muuza magunia, mwenye ulimi wa pilipili, akaangua kicheko. "Mlevi na dawa wapi na wapi! Huyo anayo yake mfukoni, anaogopa kuchanganya."

Wengine wakacheka. Arvilla hakucheka. Niliona shaka ikimwingia usoni, na ilinichoma moyo.

"Lum, nitazame. Umeanza tena?"

"Hapana."

"Basi kunywa mbele ya hawa mama zako, tumalize maneno."

Sikujua kilichokuwamo katika ile glasi, lakini nilitamani kumpokonya. Mkono wake ulipanda tena. Mdomo ukafunguka. Kisha akaiteremsha glasi mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Dada, hii ni divai."

Akina mama wakaigeukia glasi.

"Ni nini?"

"Divai. Tena kali. Nimeacha kunywa, dada, sijaacha kunusa. Nikimeza hiyo, mimi basi tena."

"Huna haya!" Arvilla aliinyakua glasi, akaimaliza mbele yetu sote. "Miaka yote hii nakunywa dawa, leo unaniita mlevi? Wewe? Wewe niliyekuokota mtaroni? Toka nyumbani kwangu!"

Lum alichukua kofia yake akatoka. Hata mlango hakuubamiza.

"Nyani haoni kundule," nilinong'ona. Bi. Quillian alidhani namsema Lum, akatikisa kichwa kukubali.

Asubuhi Arvilla alikuja uani kwangu na hasira zake. Hataigusa chupa mpaka kura ipite, alisema, ili kila mtu aone kuwa ni dawa tu. "Divai! Eti divai!" Mchana nilimkuta kwenye cherehani, ameshindwa kutunga uzi. Alijaribu, akajaribu tena, mikono ikitetemeka, akamtukana paka. Macho yake yalikwenda kabatini, yakarudi, yakaenda. Nilimtungia uzi. Nilimwogopea.

"Usinitazame hivyo."

"Sijasema kitu."

"Unasema kwa macho."

Alibaki akiukodolea ule uzi. Ghafla akasimama, akavaa kofia nyuma mbele, akashika njia ya stesheni karibu mbio. Nilimfuata nikitweta. Treni ya Macon, ambayo Lum angeondoka nayo, ilikuwa imeshapiga honi. Lum alikuwa amekaa juu ya robota la pamba, mkoba wake miguuni.

Nilidhani atamwomba radhi. Hakuomba. Alisimama mbele ya mdogo wake, akanyoosha mikono yote miwili kama mtoto anayekaguliwa kucha.

"Lum," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Huku kutetemeka kunakwisha lini?"

Lum aliitazama ile mikono. Akaitazama treni. Kisha akajisogeza, akampisha nafasi juu ya robota.

"Keti, dada," alisema. "Usiku wa leo ndio mgumu. Tutakesha wote."