Wimbo Urudi Mwanzo

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini hajui Kijapani hata cha kuombea maji, lakini wimbo wa yule msichana mpiganaji kwenye gemu ya mwanawe anaujua pumzi kwa pumzi. Aliuzoea alipolala miezi mitatu, mkono wa kulia umepooza: kila mara msichana yule alipoangushwa, wimbo ulirudi mwanzo naye akainuka. Ikawa ndiyo sheria ya kazi. Asubuhi anaukunjua mkono ule kidole kimoja kimoja, analamba ncha ya uzi, anaufuatisha wimbo puani. Kiitikio kikifika kabla uzi haujaingia kwenye tundu la sindano, anaushusha mkono. "Mwanzo!" anamwamrisha mwanawe aliyeshika simu inayopiga wimbo.

Leo mteja aliyefuata gauni lake ameusikia wimbo mara sita.

"Mama, lete nikutungie, mara moja tu."

"Kaa, mwanangu," fundi alisema bila kuinua macho. "Vita vya mwenzio havipiganwi na mgeni."

Mara ya saba, kabla ya kiitikio, uzi ukapenya. Mteja akapiga makofi. Fundi akautazama kidogo, kisha akauchomoa.

"Hiyo ilikuwa bahati," akasema. "Mwanzo!"