Betri Nzito Iliyotaka Mikono Yangu

Wakubwa zangu, shikamooni. Wa rika langu, hamjambo. Wadogo, marahaba, hata kama hamjanisalimia. Nesi wa zahanati hii ameniomba niongee dakika kumi, naye anajua kabisa kwamba mimi sijawahi kuongea dakika kumi. Kabla sijaanza, shikeni kitu hiki nilichokifunga kwenye kitenge. Kipitisheni mkono kwa mkono, kila mtu akipime uzito, ila asikifungue.

Mimi ni Mama Kulwa. Wengi mnanijua kwa karai. Nimeosha dhahabu hapa Nyarugusu miaka kumi na minne. Nachukua mchanga wa marudio, ule ambao wenzetu wameshausaga na kuuosha wakaona umekwisha, nauzungusha na maji kwenye karai mpaka kibaki kinachong'aa. Na nilikuwa na sifa moja niliyojivunia kuliko zote. Ukiniwekea kipande kwenye kiganja, nilikuwa nakuambia bila mizani kama ni dhahabu au shaba. Wanunuzi walikuwa wakibishana, mwisho wanasema, "Mpe Mama Kulwa ashike." Nashika, nasema, "Hii nyepesi, huyo tapeli." Uzito haudanganyi, hiyo ilikuwa kama dini yangu ya pili.

Nyumbani tuna sola. Betri yetu ya zamani, ile ya kuongezewa maji, ilichoka mpaka taa zikawa zinawaka kwa aibu. Hamisi, fundi wetu wa sola, kijana mpole kutoka Tabora, akanitajia bei ya betri mpya ya lithiamu. Nikamwambia amwogope Mungu. Nikaingia kwenye simu, nikakuta betri ya lithiamu kwa chini ya nusu ya bei ya Hamisi, na picha ya familia inacheka chini ya taa. Nikaagiza. Ikaja kwa basi hadi Geita, na mume wangu, Baba Kulwa, akaileta kwa bodaboda. Nilipoinyanyua nilicheka kwa raha. Nzito! Nikasema, hawa hawajanipunja.

Hamisi alikuja kuifunga. Akaigeuza huku na huku.

"Mama Kulwa, hii haina jina la kiwanda. Na hiki kiboksi chenu cha kuchajia ni cha betri za maji, hakiendani nayo."

"Ishike kwanza. Unasikia uzito huo?"

"Nasikia, mama. Lakini uzito siyo karatasi ya kiwanda."

"Sema tu una wivu kwa kuwa sikununua kwako."

Akaiweka sakafuni. Kisha akasema, "Mimi siifungi. Na kama utampata wa kukufungia, naomba usiiweke chumba mnacholala."

Nilimpata wa kunifungia. Na nikaiweka chini ya kitanda, kwa sababu hapa kwetu kitu cha thamani kinakaa chini ya kitanda, mnajua wenyewe. Tena nikaifunika kwa kitenge kilichokunjwa mara nne, vumbi la kusagia mawe lisiingie. Nilikuwa naitunza kama mzazi aliyetoka kujifungua.

Wiki za kwanza tulifurahi. Televisheni inawaka, simu zinajaa. Kisha likaanza joto. Ilikuwa msimu wa mvua, paka wetu akahamia chini ya kitanda, analala juu ya betri. Nikasema paka ana akili. Baadaye ubavu wa betri ukatokeza, ukatuna. Baba Kulwa akauliza, "Hii mbona imevimba?" Nikamjibu, "Imeshiba umeme." Siku mbili kabla ya ajali nilisikia harufu tamu chumbani, kama ya rangi ya kucha, nikamgombeza Kulwa, binti yangu, kwamba anajipaka rangi huku ana mtihani. Mtoto wa watu akalia, hana hata chupa moja.

Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, jua kali. Watoto walikuwa kwa shangazi yao, Baba Kulwa yuko kazini. Nilikuwa uani nasonga ugali. Nikasikia ssssss, kama tairi la baiskeli linatoa upepo. Nikakimbia mlangoni, chumba kimejaa moshi mweupe. Nikasimama nje. Hapo nilifanya vizuri.

Sasa nisikilizeni. Mume wangu ni msimamizi wa duara, shimo wanalochimba. Kila kijana mpya anayeingia anamwambia maneno haya haya, mpaka mimi nimeyakariri: baruti ikigoma kulipuka, hairudiwi. Unakaa mbali, unasubiri, hata kama moshi umekwisha. Nimelala na maneno hayo miaka yote ya ndoa yangu. Na moshi ulipopungua, nikarudi. Nilijiambia nitaitoa nje kabla haijaharibika zaidi. Niliihurumia betri! Nikapiga magoti, nikaikumbatia kwa mikono miwili.

Ililipuka mikononi. Sikusikia maumivu kwanza. Niliona mwanga mweupe kama wa mtu anayechomelea chuma, halafu nikasikia harufu ya nyama ya kuchoma, nikajiuliza nani anachoma nyama saa hizi. Ilikuwa mimi.

Sijui nilitokaje. Uani nilikuta ngozi ya mikono inaning'inia, imeachia kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka. Jirani yangu Mama Shija akaja mbio na yai na dawa ya meno. Namshukuru kwa mapenzi yake, yuko pale anainama. Lakini Hamisi naye alikuwa ameuona moshi. Alifika anapiga kelele, "Yai hapana! Maji! Maji safi ya kawaida!" Akanivua bangili kabla mkono haujavimba. Akaleta karai langu, lile lile la kuoshea dhahabu, akalisuuza, akaniwekea mikono humo, na majirani wakawa wanamimina maji ya kunywa, dumu baada ya dumu, taratibu, muda mrefu. Nyuma yetu kitanda, godoro na nusu ya paa vinateketea. Hamisi alikataza mtu yeyote kuingia kwenye ule moshi.

Hapa zahanati walinifunga kwa kitambaa safi, nikapelekwa Geita, na baada ya siku chache Mwanza. Daktari wa huko, mama mmoja asiye na maneno mengi, aliangalia mikono akasema, "Imeungua mpaka ndani. Tutachukua ngozi ya paja tuipandikize."

"Nitashika karai?" nikamuuliza.

"Kwanza uishi, mama. Karai baadaye."

Jamani, kubadilishwa bandeji sitawaficha. Nilipiga kelele nikataja majina ya wajomba waliokufa. Vidonda viliingia uchafu, vikatoa usaha wa kijani wenye harufu niliyoionea haya mbele ya wageni. Nikapata homa, nikawa natetemeka kitanda kinagonga ukuta. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa cheusi nchani, wakakikata kwenye kiungo cha kwanza. Baba Kulwa, mwanaume wa duara, mwenye sauti ya kuita watu mita hamsini chini ya ardhi, ndiye aliyenilisha uji kwa kijiko. Ndiye aliyenipeleka chooni akanisafisha. Siku ya kwanza nililia kwa aibu. Akaniambia, "Mayu, mama yangu, nyamaza. Mimi hapa nasafisha mwamba."

Hakunilaumu. Siku moja tu aliniuliza polepole, "Baruti ikigoma?" Nikamjibu, "Hairudiwi." Yakaisha hapo.

Ngozi ilishika, namshukuru Mungu. Lakini vidole vilibaki vimekunjamana, haviwezi kufunguka wala kufunga. Nilihofu kwa kweli. Mwanamke asiyeweza kushika karai Nyarugusu anafanya nini? Akaja dada wa mazoezi ya viungo, mdogo kwa umbo, mkatili kwa vidole. Alisema, "Kovu linavuta. Usipolivuta wewe, litakuvuta lenyewe." Kila siku nifungue, nifunge, nikamue kitambaa, huku machozi yanatoka. Aliposikia kazi yangu, akaleta beseni dogo na mchele mkavu. "Zungusha," akasema. Mara ya kwanza mchele wote ulimwagika sakafuni. Nikatukana. Akaokota, akarudisha, akasema, "Tena."

Niliporudi nyumbani Hamisi alikuja kunisalimia na mfuko. Alikuwa amefukua majivu. Akanionyesha vibetri vidogo vya mviringo, vimeungua, hakifanani hata kimoja na mwenzake. "Hivi vimetolewa kwenye kompyuta zilizokufa, mama." Kisha akatoa kipande cha kijivu, kizito. "Na hiki ndicho kilichokuwa kimejaza sehemu iliyobaki."

Ndicho hicho mnachokipitisha. Kifungueni sasa. Ni saruji.

Mama wa kilemba cha njano, nilikusikia ukimwambia mwenzako, "Kizito hiki, lazima kitakuwa cha maana." Usione haya. Mimi niliyekuwa mizani ya Nyarugusu nilisema hivyo hivyo. Siku ile nilicheka mpaka makovu yakauma, halafu nikamwomba Hamisi msamaha.

Juzi juzi nilirudi kwenye maji. Nilizungusha karai mwenyewe, mchanga ukatoka, maji yakatoka, na chini ukabaki mstari mwembamba wa njano. Nililia mbele za watu. Ncha za vidole hazisikii tena kama zamani, kwa hiyo ukiniletea kipande nikuamulie, nitakuambia nenda kwenye mizani. Kazi ya mkono wangu ni kuosha tu.

Basi jamani, leo kabla hamjapika, inameni mwangalie chini ya vitanda. Ikiwa betri imevimba, ina joto, au inanukia tamu, toeni watoto kwanza, mwiteni fundi anayejua, na msiiguse. Ya rahisi ya kwenye simu isiyo na jina, iacheni hata ikiwa nzito kama ng'ombe. Ikianza kutoa moshi, kimbieni, na moshi ukiisha msirudi. Vitu vitaungua. Vyangu viliungua, na bado nimekuja hapa kuwachosha kwa maneno.

Nawashukuru majirani kwa madumu, Hamisi kwa kelele zake, waganga wote, na yule mwanaume wangu aliyesimama pale nyuma anajifanya anaangalia simu. Wabeja sana, asanteni.

Sasa nirudishieni jiwe langu la saruji. Kuna siku nilishindwa kushika kijiko. Leo lileteni hapa, nalipokea kwa mikono miwili.