Theluji ya Nkuhungu

Harufu ya kwanza niliyokutana nayo Dodoma ilikuwa ya sweta la mtumba, ile harufu ya dawa na ya safari ndefu ambayo haitoki hata nguo ifuliwe mara mbili. Mama alinivisha sweta hilo pale pale kituo cha basi, kabla hata hatujasalimiana vizuri, kwa sababu ilikuwa kipupwe na upepo ulikuwa ukichota vumbi barabarani na kutumwagia usoni. Nilikuwa nimetoka Muheza kwa bibi yangu mzaa mama, ambako hata katikati ya mwaka mtoto hulala na kanga moja na kuamka akisikia harufu ya machungwa. Nilikuwa na miaka kumi. Bibi ndiye aliyenilea tangu sijaanza kutembea, na mama nilimjua kama anavyojulikana mgeni wa sikukuu: anakuja na zawadi, anakukumbatia, anaondoka. Safari hii alikuwa ameomba nikae naye likizo nzima, na likizo ikiisha nichague mwenyewe, kusoma Dodoma au kurudi kwa bibi.

Tulikaa mtaa wa Nkuhungu, nyumba ya vyumba viwili yenye dirisha lililopiga mluzi kila upepo ulipovuma. Mama alikuwa mmoja wa wale wanaoandika maneno yote yanayosemwa bungeni, neno kwa neno, na ulikuwa msimu wa bajeti. Alirudi jioni amechoka, kana kwamba kuandika maneno ya watu kulimmalizia ya kwake. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Aliitikia, "Marahaba. Umekula?" Nikajibu nimekula, na mazungumzo yetu yakaishia hapo. Hatukugombana hata siku moja. Ilikuwa afadhali tungegombana, maana wanaogombana wana jambo baina yao.

Mdogo wake mama, mjomba Salimu, alikuwa mwanafunzi wa chuo, na alipokwenda mafunzo kwa vitendo mikoani aliacha kompyuta yake kwetu. Ndani yake mlikuwa na gemu moja. Mwanamke amepotea katika milima ya theluji, na kazi yako ni kumfikisha kwenye kibanda cha waokoaji, upande wa pili wa bonde. Chini ya kioo kulikuwa na alama ya joto la mwili wake, mstari mwekundu uliopungua taratibu na kugeuka buluu. Hakukuwa na adui mwingine, wala simba wala jambazi, baridi tu. Nami, mtoto wa Muheza ambaye barafu niliijua ya kunyonya kwenye kifuko, nilimuua mwanamke yule kila siku. Nilimkimbiza mbio ili afike upesi, na kila nilipomkimbiza aliganda. Akifa, safari ilianza upya kabisa.

Maandishi ya gemu yalikuwa ya Kiingereza, na jioni moja sikuweza kuvumilia. Nikamuuliza mama, ambaye alikuwa akichambua mchicha, neno lile linalomulikamulika lina maana gani. Akainama, akasoma. "Linasema nguo zake zimelowa."

"Zimelowaje, na mvua haijanyesha?"

Akautazama mstari ule unavyoshuka. "Jasho," akasema. "Unamkimbiza mno. Anatoka jasho, jasho linalowesha nguo, upepo unamgandisha. Mwache atembee." Akakaa kando yangu, mchicha mapajani. Mwenda pole hajikwai, wanasema wahenga. Jioni ile tulitembea pole pole, na kwa mara ya kwanza mwanamke wetu alifika kwenye mto wa bondeni akiwa hai. Mchicha uliungua, tukala ugali na maharage ya mchana.

Tangu hapo nilianza kumwona mama yangu. Sijui niseme vipi vizuri zaidi. Yule mwanamke aliyeandika ya wenzake mchana kutwa alikuwa na akili pevu, isiyochoka, na alikuwa amenyimwa mtu wa kuitumia naye. Akirudi kutoka kazini, akiwa bado mlangoni, viatu miguuni, alisema, "Nimefikiri. Moto tuwashe nyuma ya jiwe, upepo usikofika." Au, "Ile ngozi ya sungura tuikaushe kwanza, ikiwa mbichi haina joto." Alijua kusoma mawingu ya gemu kabla hayajafunga. Hakujivuna. Tukikosea alicheka, kicheko kifupi cha puani, na ndipo nilipogundua kuwa nacheka vivyo hivyo.

Jumapili moja mchana, upepo wa Nkuhungu ukitikisa mabati, tulifika mbali kuliko siku zote. Taa ya kibanda ilionekana ng'ambo ya ziwa lililoganda. Dhoruba ikaanza. Mstari wa joto ulikuwa umebaki ncha tu, na nyuma yetu kulikuwa na pango tulilolipita, lenye kuni tulizoziacha. Nikashika kipanya, nikapiga kelele, "Twende mama, ile pale! Tunaiona!"

"Tunarudi pangoni," akasema.

"Lakini tumekaribia!"

"Hatafika, Mwanaidi. Tunarudi."

Nilimwachia kipanya kwa hasira, machozi yakinitoka. Akamgeuza mwanamke wetu, akampeleka pangoni, akawasha moto. Tukakaa tukisikiliza dhoruba ya kompyuta na ya dirishani. Nikasema neno nililokuwa nalo moyoni tangu nianze kujua mambo: "Wewe kila kitu unarudisha tu. Na mimi ulinirudisha."

Mama hakunitazama. Aliutazama moto ule mdogo wa kwenye kioo. "Ulikuwa na miezi minane," akasema. "Nilikuwa nimepanga chumba kisicho na dari, kipupwe kama hiki. Ukapata nimonia. Nilikuvika kila nguo niliyokuwa nayo, na bado midomo ilikuwa buluu. Ulipotoka hospitali, nikakupeleka Muheza kwenye joto. Nilisema nitakufuata ukipona. Ulipopona ulikuwa unamwita bibi mama, nikaona nikikung'oa pale nitakuumiza mara ya pili." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sikukutupa, mwanangu. Nilikuogopea baridi."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na nadhani siku ile nami niliujua kidogo, kwa pembeni. Nilisogea nikaweka kichwa begani kwake. Dhoruba ya gemu ilipotulia, mstari ukiwa umejaa na mwekundu, tulivuka ziwa tukiwa tumeshika kipanya kimoja, mkono wake juu ya wangu, hadi mlangoni mwa kibanda. Mjomba Salimu aliporudi hakuamini. Yeye hakuwahi kuupita mto. Na bibi alipopiga simu kuuliza nitarudi lini, nilimwambia, "Nitakuja likizo ya Desemba, bibi, na mama." Bibi akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo alioubeba kwa mapenzi.

Sasa ninafanya kazi Ipagala, katika Dodoma ambayo imejaa maghorofa na lami mpaka vumbi lenyewe limepungua makali. Gemu za siku hizi ni nzuri kupita kiasi: theluji unaisikia ikivunjika chini ya kiatu, pumzi ya mtu unaiona. Ukikwama, unafungua mtandao na mtu usiyemjua anakuonyesha njia yote kwa dakika chache. Sisemi ni vibaya. Lakini sisi tulikuwa na vichwa viwili na jioni moja moja, na kila hatua tuliyoipata ilikuwa imetafunwa kichwani na mtu njia nzima kutoka kazini. Majuzi nilinunua gemu mpya ya baridi, nikaicheza saa moja peke yangu, nikampigia mama kumweleza. Aliuliza mambo mengi: upepo unatoka wapi, nguo zinakaukaje, kuna mto? Kisha akasema, "Usiendelee. Njoo nayo Jumamosi." Nikaizima pale pale.