Viti vya Wazito

Shangazi yangu, fundi cherehani, ana maelezo yake kuhusu utajiri: siku riziki zilipogawiwa, yeye alifika gunia linakung'utwa. Kwa hiyo kwenye shughuli yoyote hukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Nilimwambia kwamba baba mkwe mtarajiwa wa binti yake hakugawiwa duka lake la vifaa vya ujenzi, alirithi.

"Na aliyemrithisha aliwahi foleni," akanijibu. "Wewe chuo chenyewe umekiacha njiani. Nyamaza."

 

Harusi ya binti ilipokaribia, mkwe huyo akapiga simu: Shangazi ashone vitambaa vya dhahabu vya kuvisha viti kumi vya wazito, safu ya mbele. Kila mtu anajua wazito ni wenye nazo. Shangazi akasikia kilo.

"Wanakula vizuri wale," akasema kwa huruma. "Kiti kimoja kitawatoshaje?"

Akashona kila kitambaa kimeze viti viwili.

Siku yenyewe, safu ya mbele ya ukumbi ikawa makochi ya dhahabu. Wazito wakaingia, wembamba kama fito, kila mmoja akajibanza upande mmoja, pengo ubavuni.

"Mama, hivi ni viti au vitanda?" mkwe akauliza.

Shangazi akakimbilia kiti chake cha nyuma karibu na mlango, anatamani sakafu immeze. Bibi harusi akamkuta pale.

"Mama, unafanya nini huku?"

"Nimekaa. Mbele kwa wazito."

"Basi na mimi nakaa." Akavuta kiti cha plastiki, akakaa, shela na yote. Muziki wa kumwingiza ukarudiwa. Bwana harusi jukwaani jasho linamtiririka.

"Mwanangu, usiniaibishe. Mimi si wa kule, sikujaliwa."

"Shangazi," nikadakia, "kama ni uzito, pale mbele nani anakufikia?"

Akanitazama kwa jicho la kuniua. Kisha kicheko kikamponyoka, kikatikisa mabega, kikashuka tumboni, bibi harusi naye akaangua. Wakashikana mikono, wakakatiza katikati ya ukumbi vigelegele vikiwafuata, hadi kwenye kochi la mkwe mwenyewe.

"Sogea, mkwe. Nimepima mimi, tunaenea."

Mkwe akasogea. Nyuma, muuza mkaa akainuka, akafuatwa na fundi bomba, na majirani wote wakaenda kujaza mapengo. Muuza mkaa akamgeukia mzito mwenye tai aliyekaa kando yake:

"Kaa vizuri, ndugu yangu. Mbona unang'ang'ania kona kama umealikwa kwa bahati mbaya?"