Ukuta wa Chediel

Dorika aliolewa pembeni mwa mji wa Singida, enzi ambazo ukitoka mlangoni kwake ulishika njia yoyote uliyotaka. Moja ilikata shamba la alizeti hadi kisimani, nyingine ilipenya kati ya mawe makubwa ikatokea barabara ya lami. Hakuna aliyezipima. Watu walipita, nyasi zikaacha kuota.

Mji ulipowafikia, yeye na mumewe Simeoni waliuza shamba vipande vipande, kama majirani wote. Kila mnunuzi akajenga hadi mpakani. Njia ya kisimani ikafa, kisha ya kanisani, ikabaki moja nyembamba pembeni mwa kiwanja cha Chediel, fundi magari aliyehamia kutoka Itigi. Mwaka jana naye akaziba. Kufika lami ikabidi uzungukie korongoni.

Simeoni alikuwa na pumu. Mchana mmoja wa Agosti, vumbi likipeperuka, kifua kilimbana akashindwa kusema. Dereva wa bajaji aliitwa, akaja upesi. Akaingia uchochoro, ukuta. Akageuza, akaingia mwingine, ukuta. Dorika aliisikia injini ng'ambo ya ukuta wa Chediel, karibu kabisa, akaita mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe yeye na jirani yake Loyce wakambeba Simeoni kwenye blanketi kuelekea korongoni. Alikata roho wakiwa njiani.

Siku ya mazishi gari nalo halikuweza kuingia. Jeneza likapitishwa juu ya ukuta, na Chediel alikuwa miongoni mwa waliolipokea upande wa pili. Alilia kama aliyefiwa na baba.

Matanga yalipokwisha, Dorika alimwendea akamwomba arudishe nafasi ya mtu kupita.

"Mama, nimekukosea, najua," Chediel alisema. "Lakini wa mbele yangu ameshachimba msingi. Nikibomoa, utatokea wapi?"

Dorika akaenda kuangalia. Ilikuwa kweli. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano. Wote walikubali kwamba barabara inahitajika, na kila mmoja akaonyesha kiwanja cha mwenzake.

Mvua zilipoanza korongo likajaa, Dorika akawa hatoki kwa siku nyingi. Binti yake Happiness, aliyeolewa Mgori, alimsihi ahamie kwake. Alikataa, akakataa tena, kisha akakubali. Maji yalipopungua aliondoka na vilivyobebeka kichwani. Kitanda na kabati alilonunuliwa na Simeoni aliviacha ndani, kwa sababu hapakuwa na pa kuvipitishia.